Utendi wa Mwana Kupona na Lugha ya Unyumba, Ukisomwa Kutoka Buzwagi

Utendi wa Mwana Kupona umesomwa sana, na umehukumiwa kwa haraka. Tangu Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabuni mwaka 1934, wasomaji wake wamekuwa makundi mawili. Wako wausifuo kwa kuwa wafundisha adabu ya mke, na wako waulaumuo kwa kuwa, wasemavyo wao, wamfanya mke mtumwa wa mumewe. Makundi yote mawili yamepita mbio katika beti zile ambamo mtunzi anausema mwili. Jambo hili ni la ajabu, maana hapo ndipo ilipo elimu yake iliyo adimu, na hapo ndipo ulipo upungufu wake mkubwa. Hayo mawili yafaa yatazamwe pamoja, wala si juu ya pwani tu, bali hata kutoka bara, mahali kama Buzwagi katika wilaya ya Kahama, ambako Kiswahili kimefika bila ya bibi zake.

Habari za utungaji zajulikana. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyepigana na Seyyid Said. Mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akamtungia wasia. Sehemu ya wasia huo ni ya dini, sehemu ni ya adabu mbele ya watu, na sehemu ni ya nyumba. Katika sehemu ya nyumba mama hasemi maneno ya jumla. Anamwambia binti namna ya kukaa karibu na mume anapolala, namna ya kunyamaza asimshtue, namna ya kumkanda mwili, kumtengeneza ndevu, kumfukiza udi asubuhi na jioni. Tena anamwagiza ajipambe yeye mwenyewe, asiache hina wala harufu nzuri. Kitanda chenyewe hakitajwi kwa tendo lake. Kinazungukwa kwa vitu vyake, na msikilizaji mzima hapati taabu kufahamu.

Hii ndiyo elimu iliyopuuzwa. Mama huyu wa karne ya kumi na tisa alijua kwamba raha ya watu wawili haianzi mlango unapofungwa. Huanza mchana, katika mkono unaokanda bega, katika pua inayokuta nguo zimefukizwa, katika utulivu wa mtu aliyelala akijua kwamba hatasumbuliwa. Waganga wa leo wanaowashauri wana ndoa husema maneno ya jamaa hiyo hiyo: kwamba mwili hautii amri, bali huitika kwa kubembelezwa, kwamba hofu, uchovu na hasira huzima hamu kabla haijawaka, na kwamba wengi waendao kutafuta dawa wangefaidi zaidi kama wangepata muda. Mhakiki anayeziona beti hizo kuwa orodha ya kazi za kijakazi hajazisoma kwa makini. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutazama upya utendi huu kama maneno yenye nguvu na hila ndani yake, wala si unyenyekevu mtupu. Na kweli mke anayeagizwa amtende mumewe kama mtoto asiyejua kusema hajapewa cheo kidogo. Mtoto hulelewa na anayejua.

Hata hivyo sifa hiyo haiuondoi upungufu, na upungufu wenyewe umo katika sarufi.

Neno kuu la wasia huu ni radhi. Mke aitafute radhi ya mume, kwa kuwa pasipo radhi hiyo njia yake ya Peponi ina mashaka. Sasa kitenzi chetu cha kuridhi kina matawi mengi: kuridhia, kuridhika, kuridhisha, kuridhiwa, kuridhishwa, kuridhishana. Katika beti za nyumba mke ndiye aridhishaye na mume ndiye aridhishwaye, na mambo huenda upande huo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Tawi la mwisho, lile la kutendana, halina kazi humo. Wala hili si kosa la Mwana Kupona peke yake, maana lugha nzima ina mwelekeo huo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nenda bara, mambo ni yale yale: Mnyamwezi husema kutola kwa mume na kutolwa kwa mke, na jirani yake Msukuma husema vivyo kwa matamshi yake. Kauli ya kutendana ipo, na watu huitumia kila siku katika kuoana, kupendana, kubembelezana. Lakini mara neno linapokaribia haki na wajibu, kutendana hutoweka na kutendwa hushika mahali pake.

Neno unyumba latoa ushahidi mzuri zaidi. Limetoka katika nyumba, na asili yake haina ila. Lakini tazama vitenzi vinavyofuatana nalo. Unyumba hupewa, hunyimwa, hudaiwa. Mume anayelalamika mbele ya wazee husema amenyimwa unyumba, kama mtu aliyenyimwa mshahara. Raha nayo ina vitenzi vingine kabisa: huonwa, hupatwa, hupeanwa. Hakuna asemaye kwamba anadai raha yake kwa mke kama adaivyo deni, na asemaye hivyo huchekwa. Basi mtu aliyefundishwa neno unyumba tu amefundishwa hesabu, na mtu aliyefundishwa neno raha amefundishwa jambo jingine. Mwana Kupona alijua maneno ya raha yote, lakini aliyapanga katika daftari la deni.

Kwa nini alifanya hivyo? Jibu rahisi ni kwamba dini yake ilimfunga. Jibu hilo si la haki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye ni wa madhehebu ya Kishafii yaliyo madhehebu ya pwani yetu, aliandika katika mlango wa ndoa wa Ihya kwamba mume atangulize maneno ya mapenzi na busu, na akiisha kupata haja yake asiondoke, bali amngoje mkewe naye apate haja yake, kwa kuwa huenda yeye akachelewa. Maneno hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia saba kabla ya utendi wa Siu. Na kwa upande wa Wakristo, ambao ni wengi katika nchi ya Shinyanga na Geita, barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 7, yampa mume wajibu kwa mke na mke wajibu kwa mume kwa kipimo kimoja. Kutendana kumo katika vitabu vyote viwili. Kilichokosekana ni mahali pa kukisomea.

Jibu lililo karibu na kweli ni la msikilizaji. Mama alikuwa akimwambia binti, na binti huambiwa yaliyo juu yake. Yaliyo juu ya mume angepaswa kuambiwa mume. Sasa na utafutwe katika hazina ya tenzi zinazosomwa shuleni na vyuoni wasia wa baba au babu kwa bwana harusi, wenye beti juu ya kumkanda mke, kumngoja, kumfukizia chumba, kumwuliza lililo zuri kwake. Tenzi za wasia kwa vijana wa kiume zipo. Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili kama alivyomwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati. Lakini mwana wa kiume hufundishwa kazi, heshima, ukweli na dini. Chumba chake chaachwa gizani, kana kwamba mambo ya humo huzaliwa nayo. Utendi wa Mwana Kupona ni nusu ya mazungumzo. Lawama kubwa haimpasi aliyesema, yampasa aliyenyamaza.

Nusu nyingine ya elimu, kwa wanawake, ilikuwa mikononi mwa makungwi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli aliyoitoa Carl Velten mwaka 1903, ameeleza unyago, harusi na fungate yake kwa uwazi ambao waandishi wa baadaye hawakuthubutu. Humo somo si mapambo ya sherehe. Ni mwalimu mwenye kazi, anayemjua mwari wake na kukaa naye katika siku saba za mwanzo. Hans Cory, aliyekuwa mchunguzi wa mila wa serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago, akaandika kitabu chake juu yake mwaka 1956. Na katika zama zilizo karibu, Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, aliipiga msondo na kufunza wari hata uzee wake mkubwa.

Mafunzo hayo yana lugha ambayo tenzi hazina. Yana mafumbo ya jikoni na ya chombo baharini, yana viuno na shanga, na yana ishara za vitu mahali pa maneno: katika nyumba nyingi za pwani rangi ya shanga zilizoachwa kitandani humwarifu mume kama ni siku za hedhi au sivyo. Zaidi ya yote yana kicheko. Mwari hufundishwa kwamba jambo hili lachekesha, na mtu akichekea jambo hofu yake hupungua. Hapo unyago umeushinda utendi. Pamoja na hayo una kasoro mbili ambazo mapenzi ya mila yasizifiche. Ya kwanza, nao huegemea sana upande wa kumfurahisha mume, na mwari hutoka akijua kukata kiuno bila kujua kusema, "Hapo, taratibu." Ya pili ni nzito zaidi: mara nyingi uliwafunza watoto. Elimu hii ni ya watu wazima waliokubaliana. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilivitangua vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mkoa wa Shinyanga umekuwa miongoni mwa mikoa itajwayo kwanza kila ndoa za wasichana wadogo zinapotajwa, kwa hiyo tahadhari hii si ya pembeni.

Sasa ndipo lifike swali la Buzwagi. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Bulyanhulu iko upande mmoja, Geita iko upande mwingine, na katikati yake yote wako wachimbaji wadogo katika maduara yao, na makarasha yanayosaga mawe. Nchi hii iliwaleta pamoja Msukuma, Msumbwa, Mnyamwezi, Mha, Mkurya, Mchaga na mtu wa pwani, na lugha ya kuonana ikawa Kiswahili. Mume aliye Mkurya na mke aliye Msumbwa hawana lugha nyingine chumbani. Lakini Kiswahili walichokipata ni cha shule, cha redio, cha kazi na cha soko. Msamiati wa kungwi haukupanda gari pamoja na wapiga debe.

Msukuma hakuwa na jando wala unyago wa namna ya pwani. Alikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee walifunza vijana, na wanawake walikuwa na mafunzo yao kwa bibi na shangazi. Kulikuwa pia na chagulaga, ambapo vijana humzingira msichana na kumtaka achague mmoja wao. Jina lake lasema kuchagua, lakini aliyezungukwa usiku njiani hachagui, na hapana haja ya kuipamba desturi hiyo kwa neno utamaduni. Moto wa shikome hauwashwi katika nyumba za kupanga za Kahama. Mchimbaji aliyeondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa hakuagwa na babu juu ya mambo haya, na mkewe aliyekutana naye mjini hana somo karibu. Riwaya iliyoutazama ukimya huo kwa ujasiri katika kanda hii ya Ziwa ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa mashuleni. Zakaria ampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo hicho ndicho somo pekee alilompa juu ya wanaume. Wengi waliiona riwaya hiyo kuwa ya uchafu. Ni riwaya ya nyumba isiyo na maneno.

Maneno yaliyojaza nafasi hiyo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ya zahanati: tendo la ndoa, kujamiiana, via vya uzazi. Ni maneno safi, yafaa katika karatasi, lakini hakuna mume aliyepata kumwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba anatamani kujamiiana. Ya pili ni matusi, ambayo yana nguvu na hayana heshima. Ya tatu ni ya wauza dawa. Katika masoko ya miji yetu, na miji ya machimbo haikosi, huuzwa unga uitwao vumbi la Kongo na mizizi ya kila namna, na tangazo lake ni moja daima: nguvu, muda, ushindi. Lugha hiyo ni ya vita na mashindano. Mke ndani yake ni uwanja. Tena dawa zisizojulikana vipimo vyake zina hatari kwa moyo, na huenda zikaficha ugonjwa ulio chanzo, maana mwanamume ambaye uume wake umeanza kulegea mara kwa mara pengine ana kisukari au shinikizo la damu, na mahali pake ni hospitali kabla ya soko.

Katika miji hiyo hiyo kicheni pati imeshika nafasi ya unyago. Mwenye kuzungumza huitwa kungwi au somo, watu huchangia sare na vyombo, na bibi harusi huketi katikati akisikiliza. Baadhi ya wazungumzaji hao ni hodari, na wamelifanya jambo litajike mbele ya mama mkwe, nalo si dogo. Lakini ukiyasikiliza mafunzo yenyewe utakuta ni Mwana Kupona bila ya ushairi wake: mpikie, msinge, mnyenyekee, usimnyime. Miaka zaidi ya mia na sitini imepita, na bwana harusi bado yuko nje na rafiki zake akinywa soda.

Maneno ya kutosha yapo, ila hayajapangwa. Kiswahili kina mahaba, huba, ashiki, hamu, utamu. Kina kupapasa, kuliwaza, kuchombeza. Kina kisimi, neno ambalo kamusi hulitaja na vijitabu vya ndoa hulikwepa, ingawa ndicho kiungo kikuu cha raha ya mwanamke, na wanawake wengi hawapati kilele kwa kuingiliwa peke yake. Mume asiyelijua hilo atajilaumu au atamlaumu mke, na wote wawili watakuwa wamekosea. Kina pia msemo uliozaliwa siku hizi, kufika kileleni, nao ni wenye bahati kwa sarufi: ni wa safari, nao huzaa kufikisha na kufikishana bila kulazimishwa. Mtu aliyefika na mwenzake hajafika aweza kurudi kumchukua, kama Ghazali alivyoagiza. Hapo lugha ya vijana imefanya kazi ambayo washairi waliiacha.

Kwa hiyo kitabu kinachohitajika Buzwagi hakiwezi kuwa tafsiri ya kijitabu cha kigeni, wala chapa mpya ya utendi wa 1858 yenye maelezo chini. Chahitaji kuandikwa kwa watu wawili wasomao pamoja. Chahitaji kujua zamu: kwamba mtu aliyetoka kazini alfajiri na mwenzake aliyetoka sokoni magharibi hawana usiku mmoja, na huenda saa yao nzuri ni saa nne asubuhi watoto wakiwa shuleni. Chahitaji kusema wazi kwamba maumivu si ada ya mke. Kwamba ukavu baada ya kuzaa, wakati wa kunyonyesha au hedhi inapokoma ni jambo la kawaida lenye msaada wake. Kwamba kujikausha kwa dawa ili kumpendeza mume huchubua na kufungua njia kwa maradhi. Chahitaji kufunza kuuliza na kujibu, na kufunza kwamba "leo hapana" ni jibu kamili ambalo halihitaji ushahidi wa homa. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, yakataza mume au mke kumpa mwenzake adhabu ya kumpiga. Kitabu chaweza kuanzia hapo, maana hakuna ashiki iliyowahi kupatikana katika mwili unaoogopa mkono.

Na katika hayo yote Mwana Kupona astahili kusomwa tena, kwa sauti, na mume awepo. Kila beti ya nyumba na isomwe mara mbili: mara ya kwanza kama ilivyotungwa, mara ya pili nafsi zikibadilishwa, mume akiambiwa yeye akande, anyamaze mwenzake anapolala, ajitie manukato, atengeneze ndevu zake mwenyewe. Vina vitaumia mahali pengine na mizani haitatimia. Beti zitakazostahimili ndizo za kuanzia.